Kwa nini Kulwa alikuwa anakimbilia ziwani siku za giza: kisa cha mtoto mwenye usonji, Kirumba

Naandika hiki kisa nikiwafikiria wazazi wenye watoto wa usonji (autism) wanaoishi karibu na maji huku kwetu Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, Kirumba, Igombe, Nyegezi, Luchelele, Ukerewe, popote pale ambapo mtoto akishachomoka mlangoni anafika ziwani kabla hujamaliza kugeuza samaki kwenye kikaango. Majina nimebadilisha na vitu vingine vidogo nimevigusa ili familia isijulikane, ila mama mwenyewe ndo kaniambia andika mwalimu, labda kuna mwenzangu itamsaidia. Mimi nafundisha elimu maalumu, nilisoma Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, na familia nazitembelea majumbani nikishamaliza vipindi.

Kulwa ana miaka saba, na kama jina linavyosema ni pacha, Doto ni dada yake. Doto yuko darasa la kwanza na anaongea kutwa nzima, Kulwa haongei kabisa. Akifurahi anavuma mdomo ukiwa umefungwa, mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa anaziba masikio na kulala chini, na anaweza kukaa saa nzima anapanga vifuniko vya soda kwa rangi, ukihamisha kimoja wakati hayupo akirudi anajua. Masikio alipimwa yakaonekana yanasikia vizuri, na alipokuwa na miaka minne hospitali walishasema ni usonji. Tatizo familia ilirudi nyumbani na jina la hali tu, hamna aliyewaambia mnafanyaje saa kumi na moja jioni mtoto akianza kukimbia.

Na kukimbia ndo ilikuwa shida yenyewe. Wanakaa vyumba viwili vya kupanga, uani wako na wapangaji wengine, geti ni la bati linafungwa kwa waya, na ukitoka getini ni mteremko mpaka majini huku upande wa pili ni kelele za Mwaloni, soko la samaki. Mama anakaanga sato na sangara wadogo barazani, wateja wake ni wa jioni, kwahiyo saa ambayo mtoto anatoroka ndo saa ambayo mikono yake yote iko kwenye mafuta ya moto. Watu wa ufukweni walishamtoa Kulwa majini zaidi ya mara moja, ile iliyomtisha mama kuliko zote alikutwa amesimama maji yakiwa kifuani katikati ya mitumbwi iliyofungwa. Baada ya hapo mama akaanza kumfunga kwa kanga kiunoni, ncha nyingine kwenye nguzo ya baraza.

Najua kuna watakaosoma hapo wakamhukumu. Mimi niliikuta ile kanga, nikaona na michubuko, na bado nasema yule mama alikuwa anaokoa maisha ya mtoto kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Na hofu yake haikuwa ya bure. Mwaka 2012 jarida la Pediatrics la Marekani lilitoa utafiti wa familia zaidi ya 1,200 zenye watoto wa usonji, karibu nusu ya watoto wa kuanzia miaka minne walikuwa wameshajaribu kutoroka angalau mara moja, na wale waliopotea kwa muda wa kutia wasiwasi, karibu robo waliponea chupuchupu kuzama. Mwaka 2017 Joseph Guan na Guohua Li wa Chuo Kikuu cha Columbia wakapitia kumbukumbu za vifo vya nchi hiyohiyo, wakakuta watoto wa usonji chini ya miaka 15 waliokufa kwa ajali, karibu nusu walikufa maji. Hao ni watoto ambao wengi wao hawaishi kandokando ya ziwa kama letu.

Kwahiyo kabla sijaendelea: mtoto wa usonji akipotea huku kwetu, sehemu ya kwanza kukimbilia ni majini. Watu wengi wanaanza kuuliza kwa ndugu, kwa majirani, sokoni, na dakika zinazopotea ndo zilezile ambazo zingemuokoa. Tuma mtu mmoja ziwani mbio, wengine ndo waulize.

Sasa kamba kama njia ilikuwa na shida zake mbali na michubuko. Kulwa alikuwa anapiga kelele mpaka wateja wanaondoka, anajing'ata mkono, na siku kanga ikilegea alikuwa anakimbia kwa kasi kuliko zamani kwa sababu ameshajua nafasi ni moja na haidumu. Kamba ilimshika mwili, hamu yake ya kwenda majini ikabaki palepale na kuongezeka.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Baba mdogo alisema ni utundu, apigwe, na alipigwa, na haikubadilisha kitu. Jirani mmoja alimlaumu mama kwamba alipokuwa mchanga alimwachia sana Doto titi na Kulwa akakosa upendo, hili lilimuumiza sana na nililitolea muda kulizungumza naye kwa sababu lawama ya mama ina historia ndefu, hata wasomi huko nje waliwahi kufundisha kwamba ubaridi wa mama ndo unaleta usonji, mpaka mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye usonji, akaja kuipinga kwa hoja, na leo inajulikana usonji unatokana na namna ubongo unavyokua tangu tumboni na urithi una nafasi kubwa. Kulwa na Doto wamelelewa na mama mmoja, nyumba moja, titi moja. Nilimwambia hivyohivyo.

Bibi, mama mzaa baba, yeye alikuja na la mwezi. Alisema huyu mtoto mwezi ndo unamsumbua, ukianza kufa anapandisha, ukijaa anatulia, kuna babu wa ukoo anataka jina lake. Alitaka mtoto abadilishwe jina na apelekwe kwa mtaalamu wa mitishamba. Kulwa akawa anagombaniwa, baba mdogo huku na fimbo, bibi huku na jina, mama katikati.

Kitu cha kwanza nilichofanya nilipoambiwa la mwezi ni kuuliza kuhusu kifafa, kwa sababu watu wetu kwa miaka mingi wamehusisha mwezi na kifafa, na watoto wenye usonji wanapata kifafa kuliko watoto wengine. Niliuliza kama kuna siku anakodoa macho hajibu, anaishiwa nguvu ghafla, anajikojolea huku amekakamaa, anatetemeka usingizini. Hamna. Mama alienda kumuuliza daktari pia kwa sababu suala la maji na kifafa si la kukisia, mtoto mwenye degedege akiwa majini anaweza kwenda chini bila hata kupiga kelele.

Baada ya hapo nikaomba daftari. Sikutaka fomu wala nini, mama ana daftari la madeni ya samaki, tukageuza upande wa nyuma, kila akitoroka au akijaribu anaandika saa, kilichotokea kabla, alichofanya mtoto, na kilichofuata. Maneno machache tu, siku nyingine aliandika Doto kwa mwandiko wake wa darasa la kwanza. Nikamwomba asiache siku nzuri, nazo aandike kwamba leo katulia, maana siku za utulivu zina habari zake.

Mwezi ulipozunguka mara ya pili tukakaa kusoma. Saa ilikuwa karibu ileile, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Njia ileile, sehemu ileile ya ufukwe penye jiwe kubwa, kasoro mara moja. Hiyo peke yake ilinionyesha kwamba hazururi tu, anaenda mahali. Na siku zilikuwa zimelundikana, wiki nzima hamna kitu halafu zinakuja siku tatu nne mfululizo anatoroka kila jioni. Mama akachukua kalenda ya ukutani, akahesabu, akanyamaza, halafu akasema, "Mwalimu, mama mkwe yuko sahihi, ni mwezi."

Na kweli bibi alikuwa sahihi. Milundikano ilianza siku chache baada ya mwezi mpevu, mwezi unapoanza kuchelewa kutoka. Bibi alikuwa anaangalia vizuri kuliko sisi sote, nilimwambia hivyo mbele ya mkwewe na nilimaanisha. Ila nikauliza swali moja, mwezi ukianza kufa, kwenye nyumba hii nini kingine kinabadilika?

Aliyejibu ni Doto. "Baba anaenda kambini."

Wasiojua uvuvi wa dagaa niwaeleze. Dagaa wa ziwa letu wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za sola na betri, wadudu na samaki wanafuata mwanga halafu nyavu inazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, dagaa wanatawanyika, kwahiyo siku za mbalamwezi wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanarudi kwa familia zao. Giza likianza wanarudi kazini. Maisha ya baba Kulwa yanafuata mwezi kama kazi ya wengine inavyofuata mshahara wa mwisho wa mwezi. Mbalamwezi yupo nyumbani, giza hayupo, na Kulwa anatoroka siku za kwanza za giza.

Bado ilibaki kwa nini ziwani na kwa nini saa ile. Nilimwomba mama siku moja biashara aachie dada yake, twende na Kulwa wenyewe saa hiyo, tumshike mkono mmoja mmoja, tuone anataka nini. Ilikuwa siku ya giza. Alituvuta mpaka penye lile jiwe, akaingia maji ya magotini, akasimama, akageuka akatupa mgongo, akanyoosha mikono yote miwili juu. Akabaki hivyo. Hakucheza na maji wala kupiga mawimbi, alisimama tu mikono juu, anavuma kidogo halafu ananyamaza, anavuma halafu ananyamaza. Mi sikuelewa, mama hakuelewa. Doto alikuwa nyuma yetu na viatu vyake mkononi akasema kama kitu ambacho kila mtu anajua, "Anasubiri imo ibili idatu."

Kumbe baba akiwa nyumbani kila jioni saa kumi na moja anaenda kuoga ziwani na watoto. Anamshika Kulwa kwapani kwa nyuma, anahesabu kwa Kisukuma imo, ibili, idatu, halafu anamrusha juu na kumzamisha mpaka mabegani. Wiki nzima kila jioni. Halafu siku moja baba anaamka alfajiri na begi lake anaondoka, na hakuna mtu anayemwambia Kulwa kwa namna anayoweza kuelewa kwamba baba kaenda na atarudi. Yeye anajua saa, anajua jiwe, anajua mikono juu. Anaenda kwenye miadi yake. Baada ya siku kadhaa hakuna anayekuja, anaacha, mpaka mwezi ujae tena.

Mama alilia pale ufukweni. Mimi nilimrusha Kulwa vibaya vibaya mara kadhaa na Doto akihesabu.

Kwahiyo mpango wetu ulijengwa juu ya hilo. Wengi wangeanza na kufuli, na sisi kufuli tuliweka: komeo juu kabisa ya geti ambapo Kulwa hafiki, mwenye nyumba alikubali, pamoja na kengele ya mbuzi kwenye bati ili geti likiguswa mama asikie hata akiwa na kelele za mafuta. Ila komeo lina maana kama ndani ya uzio mtoto anapata kile anachokitafuta, vinginevyo ni kamba ndefu zaidi.

Muda wa ziwa tukauacha palepale, saa kumi na moja, baba awepo asiwepo. Siku za giza anapelekwa na mjomba wake, mdogo wake mama, anaendesha boda na aliweza kuachia nusu saa. Mjomba alifundishwa kila kitu na Doto, namna ya kushika kwapani, kuhesabu kwa Kisukuma na si Kiswahili, kumrusha mara ngapi. Tulimtafutia laifu jaketi ya saizi yake, kwanza akaichezea nyumbani kama nguo ya kawaida siku kadhaa kwa sababu ule mkazo kifuani ungeweza kumfanya aichukie, ndo ikaenda majini. Zile siku ambazo mjomba hapati nafasi kuna beseni kubwa uani na kikombe, hesabu ileile, maji mabegani. Beseni halilingani na ziwa, Kulwa analijua hilo, ila linamfikisha kesho.

Halafu picha. Kuna njia ya kuwasiliana kwa kubadilishana picha ambayo Andy Bondy na Lori Frost waliianzisha mwaka 1985 huko Delaware, Marekani, mtoto asiyeongea anampa mtu picha ya anachotaka na anakipata hapohapo. Tulipiga picha lile jiwe kwa simu, tukaprinti steshenari, tukalaminishia. Siku za mwanzo kila Kulwa alipoweka ile picha mkononi mwa mama, mama alitakiwa aitike palepale, ikiwezekana ziwani, ikishindikana beseni, kwa sababu mtoto akitoa picha mara tatu asipate kitu atarudi kwenye njia anayojua inafanya kazi, yaani miguu. Hii sehemu ilimchosha mama sana na samaki ziliungua. Baadaye ndo tukaongeza picha ya samaki na picha ya jiwe zikiwa zimefuatana, kwanza samaki, halafu jiwe, akajifunza kusubiri.

Na kwa ajili ya baba, ile kalenda ya ukutani. Mama amebandika picha ndogo ya baba siku za mbalamwezi na picha ya mtumbwi siku za giza, kila asubuhi Kulwa anaweka alama ya siku. Baba alipokuja tulikaa naye, alikuwa hajui kabisa kama kuondoka kwake kunaonekana hivyo kwa mwanae, alidhani mtoto hata hamtambui sana kwa sababu hamwangalii usoni. Siku hizi haondoki alfajiri kimyakimya, anamshika mkono mpaka kwenye kalenda, anamwonyesha mtumbwi, anaondoka mchana. Na kambini kukiwa na mtandao anatuma voisi wasap akihesabu.

Tulienda pia kwa watu wa ufukweni, BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe), akina mama wa dagaa, vijana wanaopakia boti. Tuliwaonyesha Kulwa mwenyewe, tukawaambia haitiki jina lake, akionekana peke yake mshikeni mkono taratibu msipige kelele, muimbieni imo ibili idatu atasimama. Anavaa fulana ya njano jioni ili aonekane kwa mbali, na shingoni namba ya mama imeshonwa kwa ndani ya kola.

Kuna kitu watu wananiuliza, unampeleka mtoto ziwani na kichocho? Ni swali la haki. Vimelea vinatoka kwa konokono wanaopenda magugu na maji yaliyotulia, vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, mchana hasa, kwahiyo tulihakikisha sehemu yao haina magugu na muda ni jioni, anafutwa kwa taulo akitoka tu. Hiyo inapunguza, haiondoi. Kinachosaidia zaidi ni dawa, prazikwantel, na hapa kuna tundu ambalo wazazi wetu wengi hawalioni: kampeni za dawa za kichocho zinapita mashuleni. Doto anapimwa urefu kwa ule mti wenye alama anapewa vidonge vyake, Kulwa yuko nyumbani hapati, na ndo anayeingia majini zaidi. Mpeleke mtoto shule ya jirani siku ya kampeni hata kama hajaandikishwa, au muulize nesi wa zahanati, na dawa ipewe baada ya kula kwa sababu tumbo tupu inachafua. Kidonge ni kikubwa na kichungu, kwa mtoto wa usonji anayechagua chakula muombe nesi akisage, tulichanganya na asali.

Mambo hayakwenda yote vizuri. Giza la pili mjomba alipata abiria wa Igoma akachelewa, Kulwa alisubiri kwenye komeo na picha mkononi, mpangaji mmoja akafungua geti kuingiza ndoo na hakulifunga. Kengele ililia, mama akaacha mafuta jikoni akakimbia, lakini kabla hajafika chini kijana wa boti alikuwa ameshamshika mkono Kulwa anamhesabia. Jioni hiyo tulikaa na wapangaji wote, maana mpaka hapo geti lilikuwa la mama Kulwa peke yake, na geti la watu sita haliwezi kulindwa na mmoja.

Na Doto. Hili lilinikaa rohoni kwa sababu daftari lilikuwa limejaa jina lake, Doto alimwona, Doto alimkimbilia, Doto aliita watu. Mtoto wa miaka saba alikuwa ndo mlinzi wa pacha wake ziwani na yeye mwenyewe hajui kuogelea. Nilimwambia mama hiyo kazi lazima imtoke Doto, atabaki dada na mkalimani akipenda, ila macho ya kulinda yawe ya mtu mzima. Sasa jioni anacheza rede na wenzake, na wote wawili wanafundishwa kuelea na mjomba palepale penye jiwe. Doto alikuwa anaogopa maji kuliko nilivyotarajia. Kulwa ndo anamvuta mkono.

Kanga imerudi kufungwa kiunoni mwa mama. Kutoroka kumepungua sana, hakujaisha, giza lililopita alijaribu geti mara moja akarudi mwenyewe kwenye beseni. Bibi bado anaangalia mwezi na sasa ndo anayekumbusha familia kwamba zimebaki siku mbili baba aondoke, andaeni. Kuhusu jina walikubaliana libaki Kulwa.

Kinachotusumbua kwa sasa ni mjomba, amepata kibarua Geita na ataondoka kabla ya giza lijalo. Tunamwandaa yule kijana wa boti, wiki hii anakuja mjomba akiwepo, anashika yeye na mjomba anasimama pembeni, halafu mjomba atakuwa anarudi nyuma kidogokidogo. Mwezi Januari tunaenda kumwandikisha Kulwa kwenye shule yenye kitengo cha elimu maalumu, mama anataka barua ya hospitali iwe tayari mapema, na mimi nimemwambia kabla ya kuangalia darasa tuangalie kwanza shule ina uzio wa namna gani na geti linafungwa na nani.